Wikiendi ya Urithi Champagne: mwongozo kamili wa mahandaki, divai ya viputo na meza ya Kifaransa

Kila mwaka, wikiendi ya tatu ya Septemba, Ufaransa hufungua milango ambayo siku za kawaida mtu huipita kwa nje tu: ofisi za serikali, viwanda vikuukuu, majumba ya watu binafsi, minara ya makanisa. Wizara ya Utamaduni ilianzisha jambo hili mwaka 1984, Jack Lang akiwa waziri, na mwaka 1991 Baraza la Ulaya likalieneza bara zima kwa jina la Siku za Urithi za Ulaya. Ukitaka kuzishuhudia mahali ambapo kinywaji na meza vyenyewe ni urithi, nenda Champagne, mashariki ya Paris. UNESCO iliuingiza mlo wa Kifaransa katika orodha yake ya urithi usioshikika mwaka 2010, na mwaka 2015 ikaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia miteremko ya mizabibu, nyumba za shampeni (yaani kampuni zinazotengeneza divai hiyo ya viputo) na maghala yake ya chini ya ardhi.

Niseme mapema, kwa sababu wengi huenda na matumaini mengine: hii si sikukuu ya kunywa bure. Kinachofunguliwa ni mlango, si chupa. Kuonja mara nyingi hulipiwa, na pengine hakupo kabisa. Mimi naona hapo ndipo uzuri wake ulipo, maana anayekunywa na asiyekunywa wanaingia sawa. Kazi iliyofanyika chini ya ardhi kwa karne kadhaa na adabu ya mezani vinaonekana vizuri zaidi kwa macho makavu.

Hatua ya 1: Karatasi zako

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda au Burundi anahitaji viza ya Schengen, hata kama anaishi London na ana kibali halali cha Uingereza. Hapo ndipo ndugu zetu wengi wa Uingereza hukwama, wakidhani treni ya saa mbili na robo kwenda Paris haina mambo mengi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na hayatakiwi kuchelewa kupita siku 15 kabla. Kwa safari ya Septemba, anza Mei au Juni. Miezi ya likizo miadi ya viza hugombaniwa.

Aliye na kibali cha ukaazi cha Ubelgiji, Ujerumani au nchi nyingine ya Schengen haombi viza. Abebe pasipoti na kadi ya ukaazi, vyote viwili.

Hatua ya 2: Soma ratiba, kisha uipunguze

Ratiba rasmi hutolewa na Wizara ya Utamaduni kwenye tovuti yake, na majira ya joto yakikaribia kwisha huwa imejaa. Linganisha na zile za ofisi za utalii za miji ya Reims na Épernay. Orodha hubadilika kila mwaka, kwa hiyo usipange safari kwa picha za rafiki aliyekwenda zamani.

Kuna sababu moja ya nyumba kadhaa kutofungua: wikiendi hii huangukia msimu wa mavuno. Zabibu za Champagne lazima zichumwe kwa mkono, ndivyo kanuni inavyotaka, na uchumaji kwa kawaida huanza mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Mwenye shamba mwenye wachumaji thelathini wa kuwalisha hana muda wa kukuonyesha ghala la babu yake. Faida nayo ipo: huenda ukakuta matrekta yenye makreti ya zabibu yakipita vijijini, na harufu ya zabibu zilizokamuliwa ikitoka kwenye milango iliyoachwa wazi.

Unapochagua, angalia mambo matatu: je, ni lazima kuweka nafasi? Maelezo ni kwa lugha gani? Na ngazi ni ngapi? Hilo la mwisho watu hulipuuza. Kwenye nyumba ya shampeni ya Pommery, pale Reims, unashuka ngazi 116 hadi mita 30 hivi chini ya ardhi. Kama umemleta mama mwenye magoti mabovu, piga simu kwanza uulize kama kuna lifti.

Nyumba unayoitaka isipokuwemo kwenye ratiba, weka nafasi ya ziara ya kawaida ya kulipia, kwani kadhaa kubwa hupokea wageni sehemu kubwa ya mwaka. Ziara moja ya kulipia na milango miwili mitatu ya bure inatosha kabisa kwa siku. Anayetaka kuona saba ataishia kuona foleni.

Hatua ya 3: Usafiri na mavazi

Treni ya kasi kutoka Gare de l'Est, Paris, hufika Reims kwa dakika 45 hivi. Épernay ina treni yake ya kawaida kutoka kituo hichohicho, ya saa moja na dakika ishirini hivi, na kati ya Reims na Épernay ni kama nusu saa. Jumapili treni hupungua, basi hakikisha unajua ya mwisho inaondoka saa ngapi kabla hujatoka stesheni asubuhi.

Gari liachwe, isipokuwa dereva hataonja hata tone. Kiwango cha Ufaransa ni gramu 0.5 za kilevi kwa lita ya damu, na kwa dereva mwenye leseni ya majaribio ni 0.2, yaani gilasi moja tayari ni matatizo.

Nguo: Septemba juu ya ardhi huenda ikawa na jua zuri, lakini chini kule ni nyuzi 10 hadi 12, mwaka mzima, na unyevu unaokaa kwenye kuta. Beba sweta hata kama unaona aibu kulishika mkononi. Viatu viwe bapa na vyenye soli isiyoteleza. Mfuko mdogo, si begi la mgongoni, kwa sababu mlangoni hukaguliwa, na kitambulisho kiwe karibu.

Hatua ya 4: Jumamosi, Reims

Anzia sokoni. Halles du Boulingrin ni soko lenye paa la zege lililopinda, la mwaka 1929, si mbali na stesheni, na Jumamosi asubuhi limejaa. Hapa ndipo utaelewa wenyeji wanakula nini na divai yao. Tafuta jibini la Chaource, laini na jeupe, na la Langres, la rangi ya chungwa, lenye kishimo juu. Kishimo hicho hakikutokea kwa bahati mbaya: jibini halikugeuzwa wakati wa kukomaa, likabonyea katikati, na watu wakaona ni mahali pazuri pa kumiminia shampeni au pombe kali ya makapi ya zabibu. Asiyetumia kilevi aulize kabla ya kuonjeshwa. Nyama ya paja ya Reims, inayouzwa ikiwa imekatwa vipande na kupakwa chenga za mkate, ni nguruwe. Kadhalika supu nzito ya wachumaji, *potée champenoise*. Maneno mawili ya kubeba mfukoni: *sans porc* ni bila nguruwe, *sans alcool* ni bila kilevi.

Nunua pia biskuti za waridi za Reims. Ni ngumu kwa makusudi, kwani huokwa kisha hukaushwa tena, na desturi ni kuzichovya kwenye shampeni. Kwenye chai ya maziwa zinakwenda vizuri vilevile, ingawa usimwambie mwenyeji.

Kutoka sokoni tembea hadi kanisa kuu. Wafalme wa Ufaransa walitawazwa humo, na mabomu ya Wajerumani yaliliunguza mwaka 1914. Umati hukimbilia madirisha ya Marc Chagall nyuma ya madhabahu, ya mwaka 1974, na ni mazuri. Wewe geukia upande wa kusini, utafute dirisha la mwaka 1954 la Jacques Simon, lililolipiwa na wenye nyumba za shampeni. Ni mwongozo wako wa siku nzima katika kioo: kuchuma, kukamua, kupiga mapipa, na vijiji vya mizabibu pembeni. Kuingia kanisani ni bure hata siku zisizo za urithi.

Mchana, kula mapema. Jikoni nyingi za Ufaransa huanza kupika saa sita na saa nane hufunga. Aliyezoea chakula cha mchana cha saa tisa atalala na biskuti.

Baada ya hapo panda kwenda kilima cha Saint-Nicaise, kama nusu saa kwa miguu, ukipitia basilika ya Saint-Remi. Kilima hiki ni mojawapo ya sehemu tatu za urithi wa UNESCO. Nyingine ni miteremko ya Hautvillers, Aÿ na Mareuil-sur-Aÿ, na Avenue de Champagne ya Épernay pamoja na Fort Chabrol.

Hatua ya 5: Ukiwa chini, tazama nini

Chini ya Saint-Nicaise kuna machimbo ya chaki ya zamani, yaliyochimbwa kupata mawe ya kujengea mji. Yana umbo la piramidi: tundu dogo juu, ukumbi mpana chini. Wachimbaji walifungua mdomo mdogo ili mvua na jalidi visiharibu chaki, kisha wakapanua kadiri walivyoshuka. Simama katikati ya ukumbi mmoja, utazame juu: mwanga unateremka kutoka kwenye tundu la mraba, na kwenye kuta bado kuna alama za sululu. Ruinart, iliyoanzishwa mwaka 1729 na ndiyo nyumba kongwe kuliko zote za shampeni, hutumia machimbo ya aina hii. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia watu wa Reims walihamia humu. Watoto walisomea darasani chini ya ardhi huku mizinga ikipiga juu.

Sasa kazi yenyewe. Divai ya kawaida huchachuka mara moja. Shampeni huchachuka mara ya pili, safari hii ndani ya chupa iliyofungwa, baada ya kuongezwa sukari na hamira. Gesi haina pa kutokea, ikayeyukia ndani ya divai, na presha hufika kama 6 bar, zaidi ya mara mbili ya tairi la gari dogo. Ndiyo maana chupa ni nene na chini imebonyea. Zamani zilipasuka kwa wingi, na wafanyakazi walivaa barakoa za chuma. Kanuni inataka chupa isiyoandikwa mwaka wa mavuno ikae angalau miezi 15, na iliyoandikwa mwaka huo miaka 3.

Hamira ikishakufa hubaki kama tope ndani ya chupa. Kuitoa ndiyo sehemu inayonivutia kuliko zote. Utaona mbao mbili zilizoegemeana, zimetobolewa matundu, na chupa zimechomekwa kwa shingo. Kila siku mtu hupita akizizungusha robo au chini ya hapo na kuziinua kidogo, mikono miwili kwa wakati mmoja, chupa mbili zikigongana kwa sauti fupi kavu, hadi tope lote liteleze shingoni. Angalia chini ya chupa: kuna mstari mweupe wa rangi. Ndiyo saa yake, inayomwonyesha mzungushaji alifika wapi jana. Njia hii ilibuniwa kwenye nyumba ya shampeni ya mjane Clicquot mwanzoni mwa karne ya 19. Leo kazi kubwa hufanywa na mashine inayobeba chupa 504 kwa pamoja na kumaliza kwa wiki moja kile ambacho mkono ulifanya kwa wiki sita hivi. Mwishoni shingo huzamishwa kwenye maji ya baridi kali, tope linaganda, chupa inafunguliwa na kipande cha barafu kinaruka nje.

Mwulize mwongozaji maswali ambayo hayamo kwenye hotuba yake. Nani alichuma zabibu za mwaka jana? Mnanunua zabibu au mnalima? Swali hilo la pili lina historia ya damu kidogo: mwaka 1911 wakulima wa Champagne waliasi na kuvunja maghala ya wafanyabiashara waliodaiwa kuingiza zabibu za mikoa mingine.

Hatua ya 6: Jumapili, Épernay na Hautvillers

Avenue de Champagne ni mtaa wa kama kilomita moja, dakika chache kutoka stesheni. Majumba yake ni ya fahari, lakini mali halisi imelala chini yake, kwenye njia za chini ya ardhi zilizotanda chini ya mji mzima, zenye urefu wa jumla wa zaidi ya kilomita 100. Ingia kwanza Château Perrier, jumba la makumbusho ya divai ya Champagne na akiolojia, lililofunguliwa upya mwaka 2021 baada ya kufungwa zaidi ya miaka ishirini. Linaanzia kwenye bahari ya kale iliyoacha chaki na kukufikisha kwenye matangazo ya biashara. Mercier, nyumba ya shampeni iliyo mwishoni mwa mtaa, ina pipa kubwa ajabu lililovutwa na ng'ombe hadi Paris kwa maonyesho ya mwaka 1889, na baadhi ya kuta za njiani zilibidi zibomolewe lipite. Ndivyo biashara ya matangazo ilivyofanywa kabla ya redio.

Mchana nenda Hautvillers, kilomita 6 hivi, kwa teksi au baiskeli ya kukodi. Kaburi la mtawa Pierre Pérignon limo kanisani. Mwongozaji akikuambia kwamba ndiye aliyevumbua viputo, tabasamu tu. Alikuwa mtunza ghala hodari kuanzia 1668 na alijua kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali, lakini kuongeza sukari ili divai itoe povu kulielezwa na Mwingereza Christopher Merret mwaka 1662, kabla Pérignon hajafika kwenye kazi hiyo.

Hatua ya 7: Kuonja bila kujiaibisha

Shika gilasi kwa mguu wake, si kwa tumbo, mkono usiipashe moto. Tazama, nusa, kisha chukua funda dogo. Meza ya kuonjea ina ndoo ya kutemea. Kutema si dharau, mabingwa wote hutema. Kula kitu kabla, unywe maji kati ya gilasi, na tatu kwa siku zinatosha mtu anayetaka kukumbuka alichoonja.

Kwenye lebo, neno *Brut* lina maana sukari iko chini ya gramu 12 kwa lita, *Extra Brut* si zaidi ya 6, na *Demi-Sec* ni kati ya 32 na 50. Aliyezoea juisi na soda ataipenda hii ya mwisho, na asiyumbishwe na wanaojifanya wajuzi. Kisha tafuta herufi mbili ndogo sana pembeni: RM ni mkulima anayetengeneza kwa zabibu zake mwenyewe, NM ni nyumba inayonunua zabibu.

Asiyetumia kilevi aombe sharubati ya zabibu yenye gesi. Hupatikana sehemu nyingi, nayo huja kwenye gilasi ileile.

Hatua ya 8: Meza

Mlo ulioandikwa UNESCO una mpangilio: kinywaji cha kufungulia, kisha angalau vyakula vinne kwa zamu, yaani cha kuanzia, samaki au nyama pamoja na mboga, jibini, na kitamu, halafu kinywaji kikali cha kufungia. Vitu haviji kwa pamoja kama sinia la pilau. Usishibe kwenye cha kuanzia.

Ukialikwa nyumbani kwa mtu, au ukikaa kwenye karamu ya kijiji, adabu zake ni hizi. Kwetu atakayekukuta unakula huambiwa karibu. Kule huwezi kutokea bila mwaliko, na ukialikwa saa mbili, fika saa mbili na dakika kumi. Usiguse chakula kabla mwenyeji hajaanza. Mikono yote miwili ionekane juu ya meza, vifundo vya mikono vikiegemea ukingo, kwani kuificha mapajani huonwa vibaya. Uma hushikwa kwa mkono wa kushoto. Ndiyo, huo wa kushoto, na hakuna atakayekushangaa isipokuwa bibi yako. Mkate huvunjwa kwa mkono na kuwekwa juu ya kitambaa cha meza, kando ya sahani. Jibini la duara hukatwa kama keki, na lenye ncha usikate ile ncha ukaichukua peke yako: ndiyo tamu kuliko zote, na kila mtu anaiwinda kimyakimya.

Usijimiminie. Subiri, au mmiminie jirani kwanza. Mkigonganisha gilasi, mtazamane machoni, na mikono isipishane. Ukitaka kukataa, acha gilasi ijae nusu, kwani gilasi tupu ni ombi. Mgahawani maji ya bomba kwenye jagi ni bure. Sema *une carafe d'eau*.

Ukipewa heshima ya kufungua chupa, iwe imepoa hadi nyuzi 8 hadi 10: nusu saa kwenye ndoo ya barafu na maji, au saa nne kwenye friji. Vua karatasi, legeza waya kwa nusu-mizunguko sita hivi huku kidole gumba kikikandamiza kizibo. Inamisha chupa, isimwelekee mtu wala taa. Shika kizibo kwa nguvu, uzungushe chupa, si kizibo. Kitoke kwa pumzi ndogo tu. Mlio mkubwa huwachekesha watu wa harusini na kuwahuzunisha waliotengeneza divai. Mimina kidogo, acha povu litulie, ongeza hadi theluthi mbili. Na ile michezo ya kukata shingo kwa panga, waachie wenye bima.

Hatua ya 9: Ukirudi nyumbani

Ukirudi kwa ndege, chupa ziende kwenye mzigo wa kuandikishwa, zikiwa zimeviringishwa kwenye nguo, kwani kwenye viwanja vingi mkononi hupitishwi kimiminika cha zaidi ya mililita 100. Anayerudi Uingereza anaruhusiwa hadi lita 9 za divai ya viputo bila ushuru, mradi hana pombe kali ndani ya ruhusa hiyohiyo. Kama safari yako inaishia Kuwait, chupa ibaki Ufaransa.

Shampeni iliyouzwa imekwisha kukomaa, haina faida ya kuzeekea kabatini kwako. Ilaze mahali penye giza, mbali na jiko, na uifungue ndani ya mwaka mmoja au miwili.